Injini Ikikataa Kuwaka: Pima Cheche Kabla ya Kununua Koili



Umezoea kukuta katika ukurasa huu mambo ya malaria, chandarua, maji safi na chanjo. Leo somo letu ni injini ndogo ya petroli: ile inayozungusha jenereta, pampu ya maji au kinu cha kusagia mahindi. Usigeuze ukurasa. Somo hili nalo ni la afya, na nitakueleza kwa nini.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Gasorwe, katika kambi iliyofunguliwa Muyinga mwaka 2002 kwa ajili yetu wakimbizi kutoka Kongo. Mimi si fundi. Nilimaliza sekondari, na somo la umeme nililisoma ubaoni tu, bila kushika hata waya mmoja. Haya nitakayokuambia niliyajua baada ya kukosea, kisha nikafundishwa na fundi mmoja mzee wa Gitega aliyenivumilia siku mbili nzima.

USIKU AMBAO TAA HAZIKUWAKA

Kituo kimoja kidogo cha afya tulichokuwa tunakisaidia kilikuwa na jenereta ya kuwasha taa katika chumba cha kujifungulia umeme unapokatika. Zamani jenereta hiyo ilikaa barazani, chini ya dirisha. Sisi wahudumu wa kujitolea ndio tuliosema iondolewe pale, na tulisema kweli. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, na watu wanadhani ni malaria. Akiwa amelala anaweza asiamke kabisa. Basi tukaihamisha jenereta, tukaiweka nje chini ya mabati, zaidi ya mita 6 kutoka mlango na dirisha. Mahali penyewe palikuwa na mteremko kidogo, lakini Burundi ni wapi pasipo na mteremko?

Iliwaka vizuri majuma machache. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika mama mmoja akiwa katika uchungu. Papa mlinzi akavuta kamba, akavuta tena, mpaka kiganja kikachubuka. Injini kimya. Mtoto alizaliwa katika mwanga wa simu iliyoshikwa na dada wa mzazi. Mama alichanika, akavuja damu, na mkunga akashona huku simu inatikisika. Wote wawili walipona. Lakini asubuhi mama mkunga alituambia neno ambalo sijalisahau: "Damu niliisikia mikononi, sikuona inatoka wapi."

Asubuhi hiyo hiyo kila mtu alikuwa na jibu lake. Huyu alisema buji imekufa, yule alisema koili imeungua. Buji mpya ikafungwa, kimya. Basi ni koili! Tukachanga pesa, nami nikatumwa Gitega kwa njia ya Karuzi kwenda kuitafuta. Nikarudi nayo, ikafungwa, na injini ikabaki kimya vilevile. Safari ya pili nilikwenda na injini yenyewe, juu ya pikapu iliyokuwa inaelekea Gitega. Yule fundi mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, wewe si mtu wa afya? Mgonjwa akija na homa, unampa dawa kabla ya kumpima?"

Niliona haya. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na mimi mwenyewe huwaambia watu hivyo nyumba kwa nyumba.

Nini kilikuwa kinaiua injini ile? Nitakuambia tukifika mahali pake. Kwanza tujifunze kupima.

CHECHE INATOKA WAPI?

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu ili iwake: petroli, yaani esansi, iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inayoruka kwa wakati wake. Leo tunashughulika na cheche.

Injini hizi za kuvuta kwa kamba hazihitaji betri ili zitoe cheche. Nyuma ya kifuniko cha kamba kuna gurudumu zito la chuma lenye sumaku ukingoni. Kando yake imefungwa koili, wengine huita bobini, ambayo ni waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana juu ya chuma. Ukivuta kamba, sumaku inapita mbele ya koili na umeme unazaliwa. Umeme huo ukikatwa ghafla, nguvu yake inaruka hadi zaidi ya volti 10,000, inapita katika waya mnene mpaka kwenye buji, na kwenye ncha ya buji inavuka nafasi ndogo. Kule kuvuka ndiko tunakokuita cheche. Kampuni ya Robert Bosch wa Ujerumani ndiyo iliyotoa mwaka 1902 mtambo wa namna hii wenye volti kubwa unaofanya kazi pamoja na buji, na mpaka leo mambo ni yaleyale. Jenereta nyingi ndogo huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kila mzunguko una cheche yake: hizo ni cheche 50 kwa sekunde moja.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Hapa usiruke mstari. Siku ya kwanza nilipojaribu mwenyewe, nilishika buji karibu na tundu lake lililo wazi, nikamwambia mwenzangu avute kamba. Mvuke wa esansi uliotoka tunduni ulishika moto. Bahati yangu ni kwamba uliunguza nywele za mkono tu, nikarukia nyuma.

Basi, injini ipoe kwanza. Funga bomba la petroli. Bidoni la esansi lipelekwe mbali, si hatua mbili, mbali. Futa petroli yoyote iliyomwagika na ungoje ikauke. Kazi ifanyike nje, penye upepo, bila sigara wala jiko la makaa jirani, na watoto wasikusanyike kutazama. Tangu Burundi ilipoanza kupata taabu ya uhaba wa mafuta mwaka 2021, watu wengi wamejifunza kuweka esansi nyumbani katika chupa za maji. Usifanye hivyo. Chupa ya maji mtoto ataipandisha mdomoni, na mtu aliyemeza petroli hatapishwi, anakimbizwa kituo cha afya.

Usishike buji kwa vidole wakati wa kupima. Ishike kwa koleo yenye mipini ya mpira. Mshtuko wa koili ni wa kitambo kidogo, lakini unaumiza, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo asikaribie kabisa.

Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Najua dakika 20 ni nyingi mtu akifikiria foleni ya bomba, lakini kopo moja baada ya jingine linatosha. Usipake dawa ya meno, wala majivu, wala mafuta ya kupikia.

ANZA NA BUJI

Vuta kamba mara tano au sita huku choki imefungwa, kisha fungua buji kwa spana yake. Itazame ncha. Ikiwa imelowa esansi, basi mafuta yanafika na shaka yako iende kwenye cheche. Ikiwa kavu kabisa, usihangaike na koili: tafuta kwenye bomba la petroli, chujio na kabureta. Jaribio hili halihitaji chombo chochote zaidi ya spana na macho, lakini ni wachache mno wanaolifanya.

Sasa tazama rangi. Buji ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata joto kupita kiasi au petroli ni kidogo kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na ina mafuta yanayoteleza, oili inaingia ndani ya silinda. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya chungu, petroli ni nyingi kuliko hewa: choki imeachwa imefungwa, chujio la hewa limejaa vumbi, au injini iko juu mno kuliko mahali iliporekebishiwa.

Hilo la mwisho linatuhusu sana sisi wa milimani. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Bujumbura iko kando yake. Gitega ni karibu mita 1,500. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyokuwa sawa kule ziwani inatoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo, na buji inapata masizi. Wenye kutengeneza injini za Honda husema kila unapopanda mita 300 nguvu inapungua kwa takriban asilimia 3.5. Fanya hesabu utaona kwamba jenereta haiwezi kubeba Gitega mzigo iliouandikiwa kwenye kibandiko chake. Mtu wa Gitega akiona buji nyeusi ananunua buji kila mwezi, na kumbe buji haina kosa.

Safisha ncha kwa brashi ya waya au msasa laini, kisha ipangushe vizuri isibaki na chembe. Usiichome motoni kama ninavyoona vijana wakifanya. Unaweza kupasua kaure yake nyeupe. Kaure ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, buji hiyo itupe.

Halafu pima nafasi. Kwa injini kama Honda GX160 nafasi inayotakiwa ni milimita 0.7 hadi 0.8. Mafundi wana vibamba vya chuma vya kupimia, sisi hatuna. Yule mzee alinionyesha njia nyingine ambayo mtu yeyote wa kituo cha afya anaweza. Chukua kasha tupu la dawa za vidonge, lile la karatasi ngumu. Kata vipande kumi vya ukubwa mmoja, vipange kimoja juu ya kingine, vibane kidogo na upime unene wote kwa rula ya shule. Ukipata milimita 4, basi kipande kimoja ni milimita 0.4, na viwili pamoja ni 0.8. Umepata kipimo chako. Wembe mpya wa kunyolea nao una unene wa milimita 0.1, hivyo nyembe saba ni 0.7, lakini mimi napenda kasha. Na ukichagua nyembe, ziwe mpya. Zilizotumika mahali pake ni katika boksi la vitu vyenye ncha kali, unajua sababu.

Nafasi ikiwa kubwa, gonga polepole ule ulimi wa pembeni. Ikiwa ndogo, uinue kidogo. Usiguse nguzo ya katikati. Wakati wa kurudisha, zungusha buji kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana: nusu mzunguko kwa buji mpya, na kwa ya zamani robo au chini ya robo. Wanaokaza kwa nguvu zote huharibu uzi wa tundu, na hapo gharama si ya buji tena.

KUIONA CHECHE

Tundu la buji lisibaki wazi. Ukiwa na buji kuukuu, ifunge humo kwa muda. Ile unayoipima ichomeke kwenye kofia ya waya wake, ishike kwa koleo, na chuma chake kiguse chuma kitupu cha injini, pasipo na rangi wala kutu. Mafundi wa huku wanakuita huko kuunganisha na masi. Pachague mbali na tundu, mbali na kabureta. Usivute kamba wakati kofia inaning'inia haijagusana na kitu, kwani umeme usipopata njia unaweza kutoboa koili kwa ndani.

Weka swichi kwenye alama ya kuwasha. Naandika hili kwa sababu nimeshuhudia watu wazima watatu wakipima cheche swichi imezimwa, na mmoja wao ni mimi. Simameni kivulini au tieni kivuli kwa kanga, kisha mwenzako avute kamba kwa nguvu.

Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na inalia "tak". Cheche nyembamba ya manjano au nyekundu ni dhaifu. Huenda ikaonekana hapa nje na bado ikashindwa ndani ya silinda, ambako hewa imebanwa na kuvuka ni kugumu zaidi. Jaribu kwanza kwa buji nyingine. Kisha fungua kofia, tazama kutu, kata ncha ya waya kidogo kama imeoza na uurudishe. Ukipata cheche ya buluu na injini bado haiwaki, mfumo wa cheche una nafasi kubwa ya kuwa mzima, rudi kwenye petroli. Esansi ya kununua chupani barabarani imine katika chupa ya kioo na uiache itulie: kama ina maji, utayaona yamekaa chini.

Na kama hakuna cheche kabisa? Hapa ndipo sisi tulipokimbilia koili. Hapa ndipo tulipokosea.

WAYA WA KUZIMIA, NA OILI

Kutoka kwenye koili kuna waya mwingine, mwembamba, unaokwenda kwenye swichi. Kazi yake si kuwasha. Ni kuzima. Ukizima swichi, waya huu unaunganishwa na chuma cha injini, umeme wa koili unapotelea huko na cheche inakufa. Sasa fikiri: waya huo ukichunika na kugusa chuma popote, au swichi ikiliwa na kutu, injini itadhani imezimwa wakati wote. Koili ni nzima, buji ni nzima, na cheche hakuna.

Kupima ni rahisi. Chomoa waya huo mwembamba kwenye koili, kisha rudia jaribio la cheche. Cheche ikija, koili yako haina ugonjwa. Tafuta kwenye waya au swichi.

Lakini katika injini nyingi za miaka hii kuna kitu cha tatu kwenye njia hiyo hiyo, nacho ni kinga ya oili. Ndani ya tumbo la injini kuna kielezi kinachoelea juu ya oili. Oili ikipungua, kinashuka na kuunganisha waya na chuma, injini inazima na haiwaki tena mpaka oili iongezwe. Ni kitu kizuri, kinaokoa injini isijisage. Ila hakijui kutofautisha oili iliyopungua na injini iliyoinama.

Umekwisha kuelewa. Kule Gitega mzee aliweka injini yetu juu ya meza yake iliyonyooka, akavuta mara moja, ikawaka. Nilitaka kulia. Akaizima, akaifungua koili mpya niliyoinunua, akarudisha ile ya zamani, akavuta: ikawaka. Kisha akainua upande mmoja kwa kipande cha mbao, kama mteremko wetu ulivyokuwa, na injini ikakohoa na kufa. Akachomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kimelowa nchani tu.

Tulipoihamisha jenereta kwa ajili ya moshi tuliiweka penye mteremko. Oili ilipokuwa imejaa, iliweza kuvumilia. Ikapungua kidogo kidogo kwa matumizi, hakuna aliyepima, na usiku ule kielezi kikashuka. Mwongozo wa injini za GX unasema zisiinamishwe zaidi ya digrii 20, na hiyo ni injini yenye oili kamili. GX160 hubeba karibu nusu lita na kidogo tu, 0.58, kwa hiyo kikombe kimoja kikipungua ni pengo kubwa.

Kwa hiyo, msomaji, injini yako ikikosa cheche, kabla ya bisibisi na spana fanya hivi: iweke mahali palipo sawa, fungua kijiti cha oili, tazama. Ni nusu dakika.

Kuna fundi atakayekuambia aukate waya wa kinga ya oili, na injini itawaka palepale. Ni kweli itawaka. Itaendelea kuwaka hata oili ikiisha, mpaka pistoni ing'ang'anie kwenye silinda, na hapo hakuna koili ya Gitega wala ya Bujumbura itakayoifufua. Waya ukiuchomoa kwa kupima, urudishe. Ukisahau kurudisha ule wa swichi, injini haitazimika kwa swichi. Itabidi ufunge bomba la petroli na ungoje iishiwe.

KOILI YENYEWE

Ikiwa buji ni nzima, waya wa kuzimia umechomolewa, na bado hakuna cheche, sasa tunaweza kuzungumza juu ya koili. Na hata hapo usinunue kwanza. Tazama nafasi kati ya miguu ya koili na gurudumu la sumaku. Nafasi ikiwa kubwa, sumaku iko mbali na umeme unakuwa dhaifu; ikiwa ndogo mno, gurudumu linakwaruza. Kwa GX160 ni milimita 0.4, na inaruhusiwa kuwa kati ya 0.2 na 0.6. Injini nyingi za Briggs & Stratton zinataka 0.25 hadi 0.36. Injini nyingine ina kipimo chake, soma kitabu chake kama kipo.

Lile kasha la dawa linarudi kazini. Futa kutu kwenye sumaku na kwenye miguu ya koili kwa msasa laini. Zungusha gurudumu mpaka sumaku ielekeane na koili. Ingiza kipande kimoja cha karatasi ngumu katikati, legeza bolti mbili za koili, na sumaku yenyewe itaivuta koili ibane karatasi. Kaza bolti, zungusha gurudumu, toa karatasi. Zungusha tena kwa mkono mzunguko mzima ukisikiliza kama kuna mkwaruzo. Karatasi hapa ni bora kuliko kibamba cha chuma, kwa kuwa chuma kinang'ang'aniwa na sumaku.

Mwenye kipima umeme anaweza kuhakikisha zaidi. Kwenye koili ya GX160 upande wa waya mwembamba husoma omu 0.8 hadi 1.0, na upande wa waya mnene, kofia ikiwa imetolewa, omu 5,900 hadi 7,100. Kipimo kikikataa kabisa kusoma, waya wa ndani umekatika, na hiyo ndiyo koili ya kubadilisha. Angalia pia ikiwa moto. Zipo koili zinazotoa cheche asubuhi na kukata baada ya saa moja ya kazi, zikipoa zinarudi. Hizo zinasumbua kweli.

Injini za zamani zina platini, vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga chini ya gurudumu. Huchafuka na kuliwa. Husafishwa kwa msasa laini na kupanguswa kwa karatasi safi, na kwa Briggs za zamani hufunguka milimita 0.5. Kulitoa gurudumu kunahitaji kivutio maalumu, basi mwachie fundi.

Mwachie fundi pia jambo hili: cheche ni nzuri, petroli ipo, lakini kamba inakurudi na kukuumiza mkono, au injini inapiga kishindo kwenye kabureta. Mara nyingi hutokea baada ya kinu au pampu kukwama ghafla. Gurudumu limefungwa kwenye shafti kwa kijichuma kidogo, nacho kikikatika gurudumu linahama, sumaku inafika kabla au baada ya wakati wake. Kwenye injini hizi wakati wa cheche haurekebishwi kwa skrubu. Kijichuma kinabadilishwa, basi.

TULIVYOFANYA TULIPORUDI

Tulirudi Muyinga na koili mbili, moja mkononi na moja kwenye injini. Pale chini ya mabati tulichimba upande wa juu, tukapanga mawe, tukamwaga saruji kidogo. Kupima kama ni sawa tulitumia chupa ya maji iliyolazwa: puto la hewa likae katikati. Jenereta iko mbali na dirisha kama zamani, mlango wa moshi unaelekea bondeni.

Kila Ijumaa saa kumi jioni, mwanga ukiwepo, Papa mlinzi anapima oili, anawasha, anaiacha ifanye kazi dakika kumi na taa za chumba cha kujifungulia zikiwa zimewashwa, kisha anaandika tarehe katika daftari. Buji ya akiba, spana yake, koleo na vipande viwili vya kasha la dawa vimo ndani ya kopo la maziwa lililotundikwa mlangoni kwa mkunga, si stoo, kwa sababu ufunguo wa stoo usiku huondoka na mwenye nao.